Nilisema Vidonda vya Tumbo ni Maradhi ya Wachaga

Nikiwa mdogo, Ilala, bibi yangu alikuwa na mchezo wake. Kwenye shughuli akimwona mgeni anakula, anatazama mkono unavyomega ugali, halafu ananinong'oneza, "Huyu wa bara. Yule wa Mafia." Mara nyingi alipatia. Alipokosea sikumbuki, si unajua watoto. Na ugali wa siku hizo ulikuwa mweupe hasa, si kama huu wa... basi, tuyaache.

Ninachotaka kusema, nilikua nikiamini kila kabila lina tumbo lake. Shule niliishia darasa la nne, nikabaki na hilo mpaka uzeeni. Nimekosa, jamani. Sina pa kuificha sura yangu.

Baraza yetu ni benchi nje ya duka la vitenge, Kariakoo. Wazee tulikuwa tunakunywa kahawa na kutaniana makabila. Mwenzetu mmoja tulimwita Mangi, kama Dar inavyowaita wenye maduka waliotoka Kilimanjaro. Ni mdogo kwangu, anauza maharage ng'ambo ya barabara. Siku moja akakataa kahawa.

"Daktari kanizuia, mzee. Tumbo limevimba kwa ndani, lina vidonda."

Nikamrukia. "Hayo maradhi yenu Wachaga. Mbege, pombe yenu ya ndizi, na kukimbizana na hela. Tumbo la pwani limelelewa kwa tui la nazi, laini kama godoro."

Benchi zima likacheka, Mangi naye akacheka. Nikajiona fundi. Nikawa naurudia utani ule kila siku.

Sasa mke wangu, Mama Zuhura, akaanza kulalamika chembe ya moyo inawaka. Anakula matonge mawili, kashiba. Nikamwambia ni gesi, sisi hatuna vidonda. Nikamletea vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, nikamchemshia tangawizi kali.

Mangi alimwona alivyokonda, akanifuata. "Mzee, kesho narudi kliniki. Mlete mama akapimwe, twende wote."

Nikapaza sauti wenzangu wasikie: "Unataka kumbatiza mke wangu Uchaga?"

Safari hii hakucheka. "Haya, mzee," akasema, akavuka barabara.

Haukupita muda, asubuhi moja Mama Zuhura akatapika kitu cheusi, kama kahawa inayobaki chini ya kikombe. Akaanguka mlangoni. Nilikimbilia kwa nani? Kwa Mangi. Alifunga duka na wateja wamesimama, akatupeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia, akaniambia vidonda vimevuja damu, na vile vidonge vyangu vimezidisha. Nikamwambia sisi watu wa pwani.

"Babu, ni kweli tumbo halivimbi namna moja kwa watu wote. Jamii hii na ile zinatofautiana. Lakini sababu ni nyingi, kuna vijidudu, maji, chumvi, namna watu wanavyoishi. Kabila si kinga. Mngemleta mapema."

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia vinauma kiasi hicho.

"Nikuambie ukanitangaze barazani? Niliogopa kuchekwa, Baba Zuhura."

Nyumba moja, kitanda kimoja, anaumwa kimya kwa kuogopa mdomo wangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sasa yuko nyumbani, anakunywa dawa na uji. Mangi nilimwomba radhi, akasema yameisha, ila hanitanii tena.

Wewe unayesoma, mtu wako akishika tumbo, usimtafutie kabila. Mpeleke akapimwe. Na vidonge usimnunulie kwa kubahatisha kama nilivyofanya mimi.

Siku ya pili, mke wangu bado amelazwa wodini, nilipita barazani, nimechoka. Muuza kahawa akanimiminia. Mzee mwenzangu mmoja akaniita, "Shemeji yetu anaendeleaje? Kumbe ulioa Mchaga miaka yote hii, ukatuficha!"

Wakacheka. Utani wenyewe niliwafundisha mimi. Nikaweka kikombe chini, kahawa sijaionja, nikaondoka. Pale sijarudi tena.