Sura Tatu za Kompyuta ya Dada

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nasema uongo, ilikuwa kumi na nane, maana kumi na saba goti langu lilikuwa bado zima, nilikuwa na kazi yangu na sikuwa na nafasi ya kumsindikiza mtu kazini. Dada yangu mdogo haoni tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, kinachopakana na choo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuviandika. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ila ilikuwa na programu ya kumsomea kila kilicho kwenye skrini. Walikuwa wamezoeana, akikosea herufi, inamsema.

Basi akaja mkuu mpya. Akatangaza kwamba mashine zote zenye mfumo uliopitwa na wakati zitakatwa kwenye mtandao Ijumaa saa sita mchana, kwa ajili ya usalama. Mashine mpya zilikuwa chache na zilishagawiwa. Dada alipouliza yake iko wapi, akaambiwa asiye na mashine hana kazi pale. Alinisimulia hayo njiani huku amenibana mkono mpaka damu ikagoma.

Aliyetusaidia ni fundi wa ofisi, binti mrefu anayeweka bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli. Alisema ataweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, haina malipo na inawavumilia wazee. Akanitazama, akaomba radhi. Ila Linux ina sura nyingi, akasema, yaani yale madirisha na vitufe mtu anavyoviona, na kila sura ina uzito wake. Mashine ya dada ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti moja tu, haingeweza kubeba kila kitu.

Ijumaa asubuhi akajaribu ya kwanza. Ilipendeza, mimi mwenyewe niliisifu. Dada akaandika, sauti ikawa inamfuata herufi tatu nyuma, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Ikatolewa. Ya pili ilikuwa nyepesi, inafunguka kabla hujaondoa kidole. Fundi akatazama namba za kumbukumbu iliyobaki, akafurahi. Dada akasubiri. Mashine haikumsomea kitu.

"Mwanangu," akamwambia fundi, "umenichagulia kwa macho yako."

Fundi akaona haya. Saa nne na nusu akaweka ya tatu, wala si nzito wala si nyepesi sana, akazima skrini, akafumba macho, akaijaribu kwa kibodi peke yake. Sauti ikaitika papo hapo. Nikapumua. Dada akataka mashine izimwe, iwashwe upya. Hapo ndipo tulipojua kwamba haisemi mpaka uingize neno la siri. Mlangoni ni bubu.

"Kama kila asubuhi nitaingia kwa kumwomba mtu," dada akasema, "basi sijaajiriwa, nimehifadhiwa."

Fundi akawasha skrini, akarudi kwenye amri zake, jasho puani. Saa sita kasoro dakika kumi mkuu akaingia na jalada kwapani. Akaizima mashine kwa kidole chake mwenyewe, akasema dada aiwashe, asisaidiwe na mtu.

Dada akapapasa kitufe, akabonyeza. Diski ikasaga. Nikaona kisanduku cha neno la siri kimetokea, kipo pale, na sauti hakuna. Fundi amejiuma mdomo. Vidole vya dada vimesimama hewani. Mkuu akatazama saa. Nikakohoa kidogo.

"Kaka," dada akasema bila kugeuka, "meza kikohozi chako."

Tukangoja. Kisha kwenye kispika cha mashine ikatoka sauti ya mtu aliyebanwa pua: andika neno la siri. Akaandika. Mkuu akamsomea ukurasa mzima kutoka kwenye jalada, mbio mbio, kwa makusudi, na dada akamfuata, akajisahihisha mara moja, akachapa. Mkuu akaipitia karatasi na kalamu nyekundu, akakosa pa kuchora.

Alipokuwa anafunga jalada ikadondoka barua. Niliiokota mimi. Ilikuwa ya kumwachisha dada kazi, ina sahihi na muhuri, tarehe ya jana yake. Nikamfuata mkuu mpaka koridoni ili dada asisikie, nikamrudishia, nikamuuliza kwa upole, maana yeye alinizidi cheo na mimi nilimzidi umri: hii barua, mheshimiwa, ulikuwa umpe nani amsomee dada yangu?