Picha ya Kihindi kwa Kiswahili cha Bibi

Nyumbani kwetu Ibra, huku Omani, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, hakuna anayeruhusiwa kusinzia. Bibi, mama yake baba, huketi mbele ya televisheni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na picha ya Kihindi inaanza. Kihindi chake alikiokota kwenye senema za Unguja, maonyesho ya mchana ya wanawake watupu, alipokuwa msichana. Kwa hiyo ni yeye anayetutafsiria. Kwamba chini ya picha kuna maandishi ya Kiarabu, na sote tunayasoma upesi kuliko yeye, si hoja. Mwenye tafsiri ni Bibi, na hakuna anayemsahihisha.

Na tafsiri yake, jamani! Mlevi akimtukana mwenye duka matusi ya nguoni, Bibi atasema, "Anamwambia atarudi kesho." Wapenzi wakipanga kutoroka, yeye atakwambia wanaulizana hali za wazee. Picha za zamani zilimpa kazi nyepesi: binti alilia mpaka baba yake akaridhia, basi. Hizi za sasa binti ana kazi, ana gari, amepanga chumba chake mjini, na picha inakwisha hajaolewa wala hajutii. Mimi nazipenda kupita kiasi. Bibi huzichekecha kama unga, zikatoka zote zina adabu.

Mwaka jana nilipata kazi ya maabara katika hospitali moja kule Sur, mji wa pwani, mbali na kwetu. Niliitaka kwa roho yangu yote. Baba akakataa. Si mtu mkali, baba yangu. Ana wasiwasi tu, na hakosi sababu.

"Subiri itokee hapahapa Ibra," aliniambia. "Msichana peke yake Sur, kwa nani? Khalas, tumemaliza."

Nilinuna mpaka nikachoka mwenyewe. Hospitali walitaka jibu Jumapili.

Ijumaa ile, picha ilikuwa ya msichana aliyepata kazi mji wa mbali. Nilitamani ardhi inimeze. Baba yake msichana amesimama mlangoni, mikono kifuani. Yeye ameshika begi. Sikuthubutu kumtazama baba yangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya simu yake. Msichana akafungua kinywa, na maandishi yakatokea: "Naondoka, baba." Basi. Nikangoja Bibi aseme anaomba ruhusa ya kwenda sokoni.

Bibi akaweka kikombe chini.

"Anasema hivi," akaanza. "'Baba, miye nakupenda. Lakini ukinizuia leo, nitakaa hapa nikupikie, nikuchekee, na moyo wangu haumo. Na wewe hutojua. Utawaambia watu, mwanangu ana raha.'"

Kwenye televisheni msichana alikuwa keshapanda treni. Bibi bado anatafsiri.

"'Nilitaka kusomea uuguzi. Baba akasema subiri, nikasubiri. Nikawa nakwenda senema na wenzangu, nalia mpaka buibui linarowa. Wao wanadhani namlilia yule wa kwenye picha.'"

Baba alishusha simu taratibu. Sijui kama aliwahi kusikia habari ile ya Bibi maishani mwake, mimi sikuwahi.

"Mama," akasema, "hayo hayakuandikwa pale."

"Najua hayakuandikwa," Bibi akajibu. "Ndiyo maana nakutafsiria."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu yake, akaivaa, akaivua tena. Kisha akanigeukia.

"Huko Sur utakaa na nani?"

"Na mwenzangu wa kazini, baba. Binti wa watu, familia yake iko hukohuko."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nipo hapa, wallahi."

Baba akavaa miwani yake. "Matairi ya gari yako yamekwisha," akasema. "Huwezi kwenda nayo Sur vile. Yallah, kesho asubuhi twende tukabadilishe."

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni mbio akidhani kumetokea msiba. Nikambusu baba kichwani, nikambusu mara ya pili, nikaruka kwenda kumkumbatia Bibi huku nalia na kucheka. Alinipokea, akanishika uso kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. Halafu akanisukuma pembeni.

"Haya, ondoka hapo mbele ya televisheni," akasema. "Nataka nione kama mwenzako kafika salama."