Jembe Lisilooshwa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni Ijumaa moja ya nyasi, nilipokuwa darasa la saba. Nakuandikia kwa mkono, kwenye daftari, kwa sababu mambo mengine simu huyamaliza haraka mno. Baba yako mdogo anapita huko kwenu Kyerwa kesho kwa bodaboda, atakuletea. Ukilipata, kaa kwanza ndipo usome.

Juzi ulinipigia ukasema, "Mama, yale ya kundi la wazazi yamekwisha." Ukanieleza upya. Uliandika kwenye kundi la simu la wazazi, pale unapotoa kila wiki habari za shule unayofundisha, kwamba Mama Shukuru mpishi ameonekana akitoka na maharage ya watoto. Kesho yake gunia la maharage likakutwa chumba cha vitabu, limehamishiwa humo kwa sababu paa la stoo linavuja. Ukamwandikia Mama Shukuru ujumbe peke yake, ukamwomba radhi, naye akajibu hakuna shida. Nikakuuliza kama amerudi jikoni. Ukasema bado, leo siku ya nne. Hapo nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe, ya wakati ule nikiwa na sketi ya shule na kiburi cha kutosha kijiji kizima.

Nikuambie basi. Shule yetu ya misheni hapa Ihembe ilikuwa na ubao mweusi kwenye baraza lililoelekea kanisa. Kila Ijumaa mwalimu wetu wa Kiswahili alichagua mtu wa kuandika Habari za Shule, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, alinichagua mimi mwaka mzima. Niliandika darasa gani limeshinda usafi, mwalimu gani amepata mtoto, wazazi walete nini wiki ijayo. Jumapili baada ya Misa watu walijaa pale. Wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Nami nilisimama kando nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, kumbe nasikiliza maneno yangu yakipita midomoni mwa watu wazima. Utamu wa jambo hilo unaujua, mwanangu. Umeurithi kwangu, kwa hiyo sitakulaumu sana.

Shule ilikuwa na kibanja chake cha migomba, na ndizi zake ndizo tulizokula mchana. Basi Ijumaa moja kila mwezi kila mwanafunzi alileta mzigo wa nyasi za kutandaza chini ya migomba. Nyasi zilikatwa kwa mundu, hazikung'olewa, kwa sababu ya lumbugu. Wewe umekulia kwenye kibanja, huhitaji kufundishwa, lakini vijana wa siku hizi nao wasikie. Lumbugu ni nyasi itambaayo, mzizi wake mweupe. Kipande cha urefu wa kucha kikibaki ardhini, kinaamka na kukaba shina la mgomba mpaka unazaa ndizi kama vidole vya mtoto. Mkulima wa kwetu afadhali akute nyoka kibanjani kuliko lumbugu. Nyoka huondoka mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa dada mkuu, na kazi ya kukagua mizigo ya wenzangu ilikuwa yangu. Niliifungua mmoja mmoja, nikichambua kwa ncha za vidole kama mnunuzi wa kahawa. Ijumaa hiyo ninayokuambia nilikuwa nimesahau nyasi. Nilikumbuka njiani. Sikuwa na mundu, nikang'oa tu kando ya barabara, upesi upesi. Kamba ya mgomba sikuwa nayo pia. Nilikuwa na kipande cha kanga ya zamani ya mama yangu, ya kijani yenye maua mekundu, nilichofungia daftari. Nikaufunga mzigo kwa hicho, nikautupa kwenye lundo. Nani angemkagua mkaguzi? Nyani haoni kundule.

Baada ya mvua chache, lumbugu ikatokea pembeni mwa kibanja cha shule. Mwalimu akauliza nani ameileta, tukatazamana. Mtu mmoja darasani akasema, "Si yule Yasinta? Hawana kibanja, nyasi wanazitoa wapi?" Yasinta alikuwa darasa la tano. Baba yake na mama yake walitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Burundi, wakakaa kwenye kijumba cha pembeni kwa mzee mmoja wa parokia. Baba yake alilima vibanja vya watu kwa kibarua, na jembe lake ndilo lililowalisha watoto wanne. Mtu mpole, akikuamkia anavua kofia hata kwa mtoto.

Sikujua kuwa lumbugu ni yangu. Sitakudanganya kwamba nilijua, wala sitajisifu kwamba nilitafuta kujua. Ubao ulikuwa mtupu, chaki ilikuwa mkononi, na habari ile ilikuwa tamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: LUMBUGU IMEINGIA KIBANJANI MWA SHULE. IMELETWA NA KINA YASINTA. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanangu, mimi ni shahidi kwamba lisemwalo laweza lisiwepo kabisa, na bado likafukuza watu. Jumapili ile habari ilisomwa. Jumatatu Baba Yasinta alikwenda kulima kwa mwalimu mmoja mstaafu, akaambiwa aoshe jembe lake kwanza. Akaliosha. Jumanne kwa mtu mwingine akaambiwa alioshe, kisha akaambiwa basi, kazi imepata mtu. Wiki iliyofuata hakuna aliyemwita. Nani angeliachia jembe lenye lumbugu njia ya kuingia kibanjani kwake? Yasinta akawa anakuja shule bila kula, halafu akaacha kuja. Tukasikia wanafunga mizigo. Wangehama Jumatatu ya mbele kutafuta kazi mbali, na kwa watoto wale shule ingekuwa imeishia hapo.

Wazazi waliitwa kuja kuchimbua lumbugu kwa jembe uma. Mama yangu alikuja, bibi yako ambaye hukumkuta, mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Nilikuwa nimeinama hatua mbili kutoka kwake. Jembe lake likainua nyasi zilizooza, na katikati ya nyasi kikatokea kitambaa cha kijani chenye maua mekundu. Lumbugu ilikuwa imechipua palepale, imepenya mpaka kwenye fundo. Mama alikitazama, akanitazama, akakikung'uta udongo, akakitia kifuani. Tulichimba mpaka jua likawa la utosi, nami nikiomba ardhi inifunike.

Tulipofika nyumbani alikiweka kwenye kigoda, mbele yangu. "Kanga yangu ilikuwa na pembe nne," akasema. "Moja umeitumia kuua watu." Nililia. Akanisubiri nimalize, maana machozi hayakuwa yakimharakisha.

Kesho yake nilifanya kile ulichofanya wewe. Nilibeba ndizi mbivu kwa siri ndani ya kikapu, nikamvizia Yasinta kisimani akiwa peke yake. Nikamwambia yote. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamwomba anisamehe, na niliomba kwa moyo, mwanangu, sikuigiza. Yasinta akanishika bega na kuniinua. "Nimekusamehe, dada," akasema. "Lakini baba bado hana kazi." Akachukua ndoo yake akaondoka. Ndizi aliziacha.

Nilirudi nyumbani nimepungukiwa mzigo, nikamwambia Mama kwamba yamekwisha, nimesamehewa. Unaona hilo neno? Yamekwisha. Mama alikuwa akimenya ndizi, hakuinua hata uso.

"Ile habari ulimnong'oneza Yasinta kisimani?"

"Hapana. Niliandika ubaoni."

"Basi huko kisimani ulikwenda kutafuta nini?"

Mama akaniambia kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mtoto yule alikuwa amenisamehe kwa sababu ya malezi yake, wala si kwa sababu nilikuwa nimerudisha nilichochukua. Nilichukua jina la baba yake mbele ya parokia nzima, nikarudisha ndizi kwa kificho kisimani. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akaendelea kumenya.

Jumamosi nilikwenda kwa mwalimu, nikamweleza, nikaomba chaki. Akanivua cheo cha dada mkuu papo hapo, na chaki akanipa. Niliandika kwa herufi kubwa zilezile: LUMBUGU NIMEILETA MIMI, ADVENTINA. KINA YASINTA HAWAKUILETA. NILIWASINGIZIA. Nikapiga mstari chini yake kwa rula, maana ule wa kwanza ulikuwa na mstari.

Nikadhani nitaandika nikajifiche. Jumapili Mama akanishika mkono mlangoni mwa kanisa, akanisimamisha chini ya ubao. Akasema wengine hawajui kusoma, na safari hii wasisomewe na watoto wao, nisome mimi. Nikasoma kwa Kiswahili. Akasema nirudie kwa Kinyambo, kuna wazee nyuma. Sauti ilinitoka nyembamba, na kijana mmoja akacheka. Mwanangu, nilitamani kufa, na nakuambia hivyo bila chumvi. Katika maisha yangu nimezika mume na nimezika mtoto, lakini aibu ya siku ile bado naikumbuka mpaka rangi ya soksi nilizovaa.

Baba Yasinta alikuwa amesimama karibu na kengele, kofia mkononi, watoto wake wakiwa nyuma yake na mkewe ameshika mtoto wa mwisho. Walikuja Misa ya kuaga. Mama akamgeukia, akasema kwa sauti ambayo hata waliokwisha kufika barabarani waliisikia: "Baba Yasinta, kesho njoo ulime kwangu. Njoo na jembe lako hilo hilo. Usilioshe."

Yule baba alitaka kuvaa kofia ikamshinda, akaiacha mkononi. Akasema, "Nitakuja, mama."

Jumatatu ambayo wangehama, alikuja kabla umande haujakauka. Jembe lilikuwa na udongo wa pale kijumbani kwao. Aliingia nalo mpaka katikati ya migomba yetu, na Mama akampelekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anayompa mgeni wa heshima. Majirani waliona. Ndani ya siku chache wawili wakamwita, kisha watatu. Sitakuambia wote walirudi. Yupo jirani aliyemwambia aoshe jembe mpaka jirani huyo akafa, na lawama ya mtu huyo bado ni yangu, kwa sababu nilimfundisha mimi.

Yasinta alirudi shule na kumaliza darasa la saba. Wewe unamjua, ila hukuwahi kumwita kwa jina hilo. Unamwita Mama Deus wa Kihanga, yule aliyekubeba siku ya ubatizo wako na anayekuletea senene wa kukaanga kila msimu. Nilipokuzaa nilimwomba awe mama yako wa ubatizo. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia tangu siku ile ya kisimani sijawa na hakika na mtu mwingine. Ukimuuliza habari ya lumbugu atacheka, atakwambia ni mambo ya utoto. Usimwamini. Muulize pia jinsi ilivyokuwa kulala bila kula.

Sasa nasaha yangu ni hii, na siifichi ndani ya methali. Mwanangu, kosa lililotangazwa hadharani halitubiwi faraghani. Ukimpaka mtu tope sokoni, usimwoshe chumbani ukasema yuko safi, kwa maana waliomwona sokoni bado wanamwona vile vile. Kabla hujaandika habari ya mtu, jiulize kwanza mzigo wako mwenyewe umeukagua? Na kama mtu huyo hana kibanja, hana ndugu hapa, na kwao ni ng'ambo, jiulize mara mbili, kwa kuwa habari mbaya juu yake watu huiamini kabla haijamaliza kusomwa. "Hakuna shida" aliyokujibu Mama Shukuru ni ile "nimekusamehe, dada" ya kisimani. Ni adabu yake tu. Jikoni bado hayupo.

Leo hii, ukimaliza kusoma, fungua kundi lile lile. Andika jina lako, andika jina lake, andika kwamba ulikosea. Usiweke "kama kuna aliyeumia". Yupo, na unajua anakaa wapi. Wasio na simu uwaambie kwa mdomo baada ya Misa. Halafu nenda kwa Mwalimu Mkuu, umwombe ufunguo wa stoo ya maharage akabidhiwe Mama Shukuru, mbele ya watoto, paredi ya Jumatatu. Akikataa, mwombe tena. Utatahayari. Kuna mzazi atakucheka, na huenda ukavuliwa kazi ya habari. Mimi nilivuliwa, na mwandiko wangu haukuharibika.

Ndani ya daftari hili, ukurasa wa mwisho, nimebandika kitambaa cha kijani. Kimechakaa, maua hayaonekani vizuri. Mama alinipa siku nilipoolewa, hakusema kitu, nami nakupa bila kuongeza.

Mungu aliyenipa mama mkali akupe na wewe moyo wa kurudi palepale ulipokosea. Akulinde mkono wako unapoandika jina la mtu, akubariki wewe na watoto unaowafundisha, na sufuria la shule lisikose wa kulikoroga. Na aibu ikikushika unapoandika, mwanangu, andika hivyo hivyo.