Verna na Trela Iliyotekenya

Wifi yangu Verna Tollefson alipika chakula cha shule ya Alder Falls mpaka akastaafu, na sijapata kumsikia mtoto hata mmoja akisema alikaripiwa naye. Kwetu huku kaskazini mwa Wisconsin hilo si ajabu. Huku mtu akikanyagwa mguu, aliyekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Katika ukoo wote wa Tollefson ni mimi Ardis peke yangu niliyezaliwa na mdomo, na kwa habari hii nitautumia.

Kaka yangu Harlan, mumewe, alifariki majira ya baridi akamwachia trela yao ya kambi, ile ya kukunja. Barabarani ni kama sanduku. Ukifika unazungusha mkono wa chuma, paa linapanda, vitanda vinachomoza huku na huku, na kuta zake ni turubai. Lakini fremu, ngazi na mlango ni chuma na bati. Verna alikuwa na kazi za ndani, Harlan za nje, yaani kuegesha na kuunga umeme. Ndivyo tunavyogawana huku. Mwanamke akionekana ameshika waya wakati mumewe yupo, majirani wataulizana kama bwana anaumwa.

Loren, mtoto wao, alitaka trela iuzwe. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mama, umeme hauna mzaha," akatafuta mnunuzi kule Eau Claire. Verna akaomba jambo moja tu: atakwenda kambini peke yake, ataunga kila kitu kwa mkono wake, na Jumamosi Loren aje na familia aone. Akishindwa, iuzwe. Aliipenda trela ile kuliko nyumba yake. Nyumbani Harlan alikuwa mtu wa gazeti, humkuti ila nyuma ya kurasa, lakini kwenye trela alizungumza naye.

Basi Ijumaa akafika Ziwa Stenerud. Wenye kambi walikuwa wameshatoa viti vyao kumtazama akirudisha trela nyuma, maana hiyo ndiyo sinema yetu ya bure, hasa mume na mke wakianza kugombana. Hawakuambulia kitu. Verna aliiingiza kwenye nafasi yake kwa mara ya pili tu, wakarudi kwenye bia zao.

Ikabaki kazi ya umeme. Alifuata aliyomwona Harlan akiyafanya. Alizima kwanza swichi ya kiguzo, kile cha kambi chenye soketi za umeme, akachomeka testa, kidude cha kuipimia soketi, akawasha, akasoma taa zake. Zikiwaka mbili za njano, mambo ni sawa. Ikawaka moja. Maana yake ethi haipo, ule waya wa kuurudisha ardhini umeme uliopotea njia. Harlan alikuwa na sheria moja kuhusu hilo: taa zikikataa, huchomeki trela, unakwenda ofisini.

Akaenda. Kupitia dirishani akamwona Elroy, msimamizi wa kambi, amekaa mezani na mkewe wanakula. Verna akaona haya kuwakatiza watu tonge mdomoni, akarudi. Hajakaa sawa, simu ikalia.

"Vipi, Mama? Umeweza?" Loren aliuliza.

"Nimeweza, mwanangu," akajibu, kisha akachomeka.

Taa zikawaka, feni ikazunguka, friji ikaanza kunguruma. Huo ndio ubaya wa kukosa ethi, hakuna kinachogoma ukashtuka. Ila alipoushika mlango, kitasa kikamtekenya vidole. Mtu mwingine angekimbia. Verna alitafuta glavu za mpira za kuoshea vyombo, zile za waridi, akawa anazivaa kila anapotoka na kila anapoingia. Chini ya ngazi akatandika mkeka wa mpira. Akaona amelimaliza.

Jumamosi tulifika sote: mimi, Loren, mkewe Kendra, na binti yao Britta. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nyasi zimelowa chepechepe. Loren akaizunguka trela mikono mfukoni, akaingia ndani kutazama, akatoka akijipangusa kiganja kwenye suruali. Akasema, "Si mbaya." Huku kwetu hiyo ni sifa kubwa, watu hupewa wakati wa kuzikwa. Verna akawa mwekundu kwa furaha.

Mimi nilikuwa natazama zile glavu.

"Wifi," nikamwambia, "huo ni mlango unafungua au unamzalisha ng'ombe?"

"Nalinda kucha."

"Kucha zipi? Tangu umeolewa na kaka yangu sijaziona."

Akacheka, akanipa bakuli la saladi ya viazi nipeleke mezani. Loren akawa anageuza soseji kwenye mkaa, Kendra anamenya mahindi. Britta yuko ziwani. Mara nikamwona anapandisha kilima mbio, peku, maji yanamchuruzika, anapiga kelele kwamba anataka taulo. Hakupita penye mkeka. Alikatiza upande wa pili, mkono ameshaunyoosha kwenye kitasa.

"BRITTA! SIMAMA! USIGUSE!"

Sikujua sauti imetoka wapi. Nilimjua Verna tangu nikiwa msichana, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia. Bakuli la jeli alilokuwa analeta mezani limeanguka, naye keshafika kabla sijageuza shingo, amemdaka mtoto kiunoni. Akamkabidhi kwa Kendra, akaenda kwenye kiguzo, akazima swichi, akachomoa waya. Kisha akatueleza yote, taa moja, dirisha la Elroy na glavu, bila kujificha.

"Mama!" Loren akasema. "Tangu jana unajua? Kwa nini hukusema?"

Kendra ndiye aliyemgeukia mumewe.

"Na wewe je? Si ulinionyesha kiganja ukasema kimekufa ganzi ulipofungua mlango?"

Loren akainamia soseji zake. "Ningesema, Mama angeona namtafutia kosa. Nikaona ninyamaze."

Bwana Wojcik, jirani wa nafasi ya pili, alikuwa amesogea na kiti chake. "Aa, hiyo?" akasema kwa upole. "Hata waliokaa hapo wiki iliyopita iliwatekenya. Watu wazuri sana wale. Hawakutaka kumsumbua Elroy."

Hapo nikafungua mdomo. Niliwaambia wana adabu za kuzikana. Niliwaambia mengine ambayo Kendra alimziba mtoto masikio yasiingie. Sijutii hata moja.

Verna hakungoja nimalize. Alikwenda ofisini, na mara hii hakuchungulia dirishani. Elroy akaja mdomo umejaa, akakata umeme wa mstari mzima, akafungua kiguzo. Waya wa ethi ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika, unaning'inia. Akakifunga kwa kufuli mpaka fundi aje, akampa Verna nafasi nyingine. Huko Verna alipima kabla ya lolote, zikawaka mbili. Friji, iliyokuwa kuukuu na inavujisha umeme, aliichomoa kabisa, nayo ingoje fundi. Loren alipojaribu kumpokea waya, alimwondoa mkono.

"Sasa useme," akamwambia. "Ningekwenda jana nikamwambia Elroy kiguzo kibovu, ungesemaje?"

Loren akafikiri. Ni mwongo mbaya, kama baba yake. "Ningesema umeshindwa."

"Ndiyo. Nilikuogopa wewe. Mtoto wako nusura afe pale mlangoni kwa sababu mimi nilikuonea haya wewe, mwanangu wa kuzaa."

Alisema hivyo akilia, na sauti yake haikuwa ndogo. Kambi nzima ilisikia. Loren akakaa palepale kwenye nyasi zilizolowa na suruali yake ya kanisani. Akatoa simu, akampigia yule mtu wa Eau Claire, akamwambia trela haiuzwi.