Mdiria wa Sashe

Mwanangu, kuna swali ambalo shahada yangu haijanisaidia kulijibu: kwa nini watu humpita ndege aliyekufa kweli, kisha wakasimama mbele ya ndege wa kutengenezwa?

Niliyaona hayo Cimpunda, mtaa wetu karibu na ziwa, enzi za Zaïre, nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Tulifagia mifuko ya plastiki, sashe kama tulivyoiita, tukaisukuma mferejini. Mvua iliipeleka mto Kawa, Kawa ukaifikisha ziwani, nasi tukasifiwa kwa usafi. Huko ufukweni, mimi na rafiki yangu Furaha tulimkuta mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe anayewinda samaki. Alikuwa amekufa kwa njaa, mdomo umebanwa na sashe iliyojisokota. Tulimleta mtaani. Watu walisema pole, wakaendelea na shughuli zao.

Basi tuliokota sashe mferejini, tukazishonea kwenye nyaya, tukaunda mdiria mwenye kimo cha mtu. Ijumaa alasiri tulimsimamisha juu ya mfereji, mdomo umefungwa vilevile.

Shefu wa mtaa alifika amekunja uso. Kuidhihaki salongo siku zile halikuwa jambo dogo. Baba yangu alikuwa karani wa serikali, na neno moja la shefu lingetosha kumfukuzisha kazi.

“Sitwayeni, iyi iko ndege ao iko takataka?” aliniuliza, akitumia neno la siku zile la kumwita raia.

“Iko vyote mbili, papa,” nilijibu, nikibaki kando ya ndege wetu.

Kabla hajanena tena, maman mmoja muuza mandazi alipaza sauti: “Yoo! Iyi ya kijani iko yangu! Nilishonaka tundu yake na uzi mwekundu!”

Wakati ule sashe ilifuliwa na kutiwa viraka mpaka ikachakaa kabisa, kwa hiyo kila nyumba iliijua yake. Watu wakasogea, wakitafuta zao na kuchekana. Ndipo mke wa shefu akamwambia mumewe taratibu, “Papa Neema, na ile ya manjano ku bawa? Si iko yetu, ile ya chumvi?”

Umati uliangua kicheko. Shefu alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi.

“Kumbe ni siye wote tulimufunga kinywa,” alisema. “Kesho hakuna mutu wa kufagia mu mufereji. Tutachimba shimo.”

Mwanangu, ukitaka watu walione kosa lao, usiridhike kuwakemea. Tengeneza kitu ambacho kila mmoja atauona mkono wake ndani yake, umwachie nafasi ya kucheka kabla ya kuamua. Kisha simama kando ya kazi yako, hata kama unaogopa. Mungu aibariki mikono yako, na akupe ujasiri wa kuonyesha kile unachokiona.

Asubuhi ya Jumamosi ile, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa, shefu alikuwa wa kwanza kufika, jembe begani. Maman wa mandazi alikuja akiimba, kikapu cha sashe kichwani. Tulichimba, tukajaza sashe, tukafukia. Mvua ilipoanza kabla ya adhuhuri, mfereji wa Cimpunda ulishusha maji matupu.