Mzee Saini na Mgeni wa Kwenye Kompyuta

Jina la Mzee Saini hakupewa na wazazi. Alipewa na walimu, kwa uchungu, maana katika miaka kumi na tisa ya kulinda geti la shule hakupita kiumbe bila kujaza kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, anayemwona, sababu ya kuja, sahihi. Mkaguzi wa elimu alisaini. Fundi wa vyoo alisaini. Mkewe mwenyewe, akimletea chakula cha mchana, alisaini, na kwenye sababu ya kuja akaandika "mume".

Sasa mwezi huo Mwalimu Mkuu alikuwa ameagiza geti la umeme lenye kamera. Hakumficha. "Mzee wangu, likishafungwa, tutaagana kwa heri." Mzee akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda nyuma ya tangi la maji akalia. Nyumbani hakusema neno. Angeanzia wapi? Mtu wa miaka hamsini na nane, na kazi pekee anayoijua ni kuzuia watu.

Siku yenyewe, karani wa shule alikuwa anachapa matokeo ya darasa la saba, karatasi zikamwishia. Akachungulia dirishani. "Baba, njoo unikalie hapa dakika tano niende stoo. Na usiguse kitu!" Mzee akatia geti kufuli, akaja na kitabu chake kwapani, akaketi.

Hajakaa sawasawa, kompyuta ikapiga king'ora. Toba! Kioo kizima chekundu, na sauti ya mwanamke inafoka: "Kompyuta hii imevamiwa na virusi! Usiizime! Mafaili yote yatafutika! Piga namba hii sasa hivi!" Jasho jembamba likamtoka Mzee. Matokeo ya watoto mia na arobaini yafutike, yeye akiwa zamu? Kibarua kingeota nyasi leo leo, hata hilo geti halijafika. Akatoa kisimu chake cha tochi, akapiga.

"Usiogope, baba," ikajibu sauti laini ya kiume. "Mimi ni mhandisi mkuu wa usalama. Fuata ninayokwambia, halafu bonyeza palipoandikwa 'ruhusu', niingie ndani nivitoe."

Masikini mhandisi! Neno "niingie" alimtajia nani?

"Uingie?" Mzee akafungua ukurasa mpya. "Jina kamili."

"Baba, virusi vinakula mafaili!"

"Hivyo vimeshapita, ni kosa langu. Wewe hupiti hivi hivi. Jina kamili."

"Mhandisi Mkuu!"

"Hicho ni cheo. Mkaguzi naye alikuja na cheo."

Jina likaja, la kuokoteza waziwazi, Mzee akaliandika kwa herufi kubwa. Namba ya kitambulisho? Akatajiwa tarakimu sita. Akaomba zirudiwe ahakikishe, zikaja sita nyingine kabisa. "Bwana wee, kitambulisho chako kinabadilika kila ukikisoma?" King'ora kinalia, mhandisi anahema, Mzee anafuta na kuandika upya.

"Unamwona nani?"

"Simwoni mtu! Naiona kompyuta!"

"Nitaandika 'karani'. Sasa sahihi. Njoo getini."

"Niko mbali, mzee!"

"Basi njoo kesho. Tunafungua saa moja na nusu."

Hapo ulaini ukaisha. Mhandisi akamporomoshea matusi ambayo mimi siyarudii. "Una akili wewe? Bonyeza!"

Na msije mkampa Mzee sifa zisizo zake. Hakuwa mjanja hata kidogo. Aliamini kabisa kwamba virusi vipo na huyu ndiye tabibu wake. Ila kumpitisha mtu ambaye hajasaini, mwili wake ulikataa tu. Mkono ulifika juu ya kipanya ukagoma.

Karani akaingia mbio na bunda la karatasi. Kutupa jicho kwenye kioo tu, akamnyang'anya simu akaikata, akachomoa waya wa umeme ukutani. King'ora kikanyamaza.

"Wamesema usizime!" Mzee akashika kichwa. "Umewafelisha watoto wote!"

"Hao waliosema ndio wezi, baba." Akawasha tena. Matokeo yote yalikuwepo. "Hakuna virusi. Ni ukurasa wa mtandaoni niliouacha wazi, ukajitia king'ora. Kampuni ya kweli haikufokei kwenye kioo ikakupa na namba ya simu. Ungembonyezea, ndipo angeingia kweli akazoa kila kitu."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, kelele zimemtoa ofisini kwake. Mzee akaeleza alivyomdai mhandisi sahihi, karani akamalizia huku akicheka mpaka machozi. Mwalimu Mkuu hakucheka. Akatoa simu, akapiga palepale. "Lile geti langu la umeme, msilete. Ndiyo. Msilete kabisa."

Mzee akakikumbatia kitabu chake kwa furaha. Lakini roho ikamsuta. "Mwalimu, nitakuwa nimekudanganya. Sikujua kama ni mwizi."

Mwalimu Mkuu akamwomba karani atoke kidogo, akafunga mlango.

"Hata mimi sikujua, mzee wangu. Mwezi uliopita, kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, ni kelele hizo hizo na sauti hiyo hiyo. Nilikuwa na picha zote za marehemu mama humo, sasa sina hata moja. Nilimruhusu mwenyewe. Na alipomaliza, nikamshukuru."