Meseji za Karasha

"Kuishi kwa kuandika programu za simu hutaweza," mjomba aliniambia mbele ya wageni wake, kule Ushetu. "Vijana wa Dar wenyewe wanashindwa, sembuse wewe mvuta kamba wa mashimo ya dhahabu ya Katoro. Hiyo stashahada itundike ukutani."

Hata hivyo alinikopesha fahali nikamuuze, ninunue laptop. Shangazi akatoa mbuzi wake. Rafiki yangu wa bodaboda akanilipia bando na pango, akicheka: "Mtaalamu, ukishindwa utaniendeshea pikipiki bure mpaka uzeeke."

Kushindwa sikukuzoea. Kazi niliitafuta mwenyewe. Mama mmoja mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu pale Katoro, alitaka programu ya kuwatumia wachimbaji ujumbe: zamu yako imefika, njoo usimamie mawe yako. Ikifanya kazi, atalipa yote. Isipofanya kazi, hatoi kitu.

Sikuandika kila kitu tangu mwanzo. Nilichukua maktaba ya msimbo, yaani kazi ya kuunganisha simu kwa simu ambayo wengine wameshaiandika, nikajenga juu yake. Siku ya kwanza ya kuijaribu nilizunguka karasha kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mchimbaji mmoja akaja mbio. "Wewe mtaalamu! Zamu yangu imepita!"

Nikamwonyesha skrini: imetumwa.

"Imetumwa wapi, mbinguni?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mwenye karasha akasema taratibu, "Mwanangu, nakupa mpaka gulio lijalo."

Sikukaa, sikula. Miguu ikanipeleka kwenye shimo ambako nilikuwa nikivuta kamba kabla ya kwenda chuo. Aliye chini alipaza sauti, "Vuta!" Wa juu hakugusa kamba kabla ya kujibu, "Navuta!" Asipojibu, wa chini huita tena na tena. Mimi mwenyewe niliwahi kuzabwa kofi kwa kuvuta bila kujibu.

Nikarudi mbio. Programu yangu iliuhesabu ujumbe kuwa umefika mara tu ulipotoka kwenye simu, ilhali huko mashimoni mtandao huja na kupotea. Maktaba ilikuwa na njia ya kudai jibu. Nilikuwa nimeiruka kwa haraka zangu. Sasa ujumbe ukawa unatunzwa na kutumwa tena mpaka simu ya pili iitikie. Chuoni hawakunifundisha hilo, lakini asiyesoma asingejua pa kulipachika. Nalisema bila aibu.

Siku ya gulio, mchimbaji yule yule alishuka kwenye bodaboda kabla mawe yake hayajaguswa.

"Imefika," akasema. "Usianze kujivuna."

Nilikuwa nimeshaanza.

Mama alilipa. Asubuhi iliyofuata shangazi alipata mbuzi wake, rafiki yangu akapata pesa zake, nami nikanunua fahali mwingine, nikamswaga mpaka Ushetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alimzunguka fahali, akamshika nundu. "Wangu alikuwa mkubwa kuliko huyu."

"Wako alikuwa na kupe, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mfunge pale."

Nikamfunga.